Bima ya Simu Niliyopewa

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi ya mawingu mazito, manyunyu membamba, upepo kidogo. Nguo za jana bado mbichi kwenye kamba.

Bosi katukusanya dukani kabla hatujafungua mlango. Kuanzia mwezi ujao hakuna kupima wateja kwa rula. Ule umbali kati ya mboni na mboni, ambao bila huo miwani inampa mtu kizunguzungu, tutaupima kwa simu, kwa programu mpya. Simu ya nani? Ya kila mfanyakazi mwenyewe. Skrubu akauliza, na ikianguka mtu akiwa kazini? Bosi akamuuliza simu ni ya nani. Skrubu akasema ni yangu. Bosi akasema, basi umejijibu.

(Skrubu ndiye fundi wetu wa fremu. Tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna skrubu ya miwani iliyowahi kumpotea, na kwa kuwa mwenyewe ni mfupi. Na yeye anajiita hivyohivyo, hana kinyongo.)

Sakafu ya duka ni vigae vitupu. Leo nimeitazama kwa macho mengine. Fremu ngapi nimeziona zikidunda pale, wala sikuwahi kuifikiria simu. Na simu yangu ni nzuri kupita kimo changu. Dada alinipa mwaka jana siku yangu ya kuzaliwa. Aliinunua kwa daktari mmoja wa kazini kwake aliyekuwa anahama. Siku ile mume wangu aliishika kama yai la kuatamia.

Ikivunjika sina ubavu wa kununua nyingine. Bila simu sipimi. Asiyepima atarudishwa kupanga fremu na kufuta vioo vya maonyesho, na vioo hivyo nilivifuta miaka minne kabla sijafundishwa kupima. Sirudi!

Nimeamua nikate bima. Nimejipa hadi Jumamosi kuchagua. Ni kusoma karatasi tu, na kusoma najua.


Jumanne, 4 Juni

Jua. Nguo zimekauka, moja imepauka.

Kusoma sijui.

Saa ya chakula nimepita mtaa wa maduka ya simu, nimerudi na vipeperushi vya kampuni tatu. Vyote vina picha ya mwanamke anayecheka akiwa ameshika simu iliyopasuka. Sielewi anacheka nini.

Kampuni ya kwanza inalipia kioo. Nikauliza, cha mbele au cha nyuma? Yule muuzaji akaigeuza simu yake akaitazama mgongo kama ndiyo kwanza anajua inao. Akasema ataulizia.

Ya pili inalipia wizi, lakini wizi wa kutumia nguvu. Mtu akikuchomolea mfukoni taratibu, hiyo wanaiita uzembe wako. Akikupiga kwanza, unalipwa. Kwa hiyo mwizi mpole ndiye hasara kwangu!

Ya tatu inalipia "ajali ya ghafla na isiyotarajiwa." Hapo nimekaa muda mrefu. Mimi naitarajia. Ningekuwa siitarajii ningekatia bima nini?

Tena binti yetu ana miaka minne na anaamini hakuna kitu kisichooshwa. Mwezi uliopita aliosha rimoti kwa sabuni akaianika. Akiiosha simu, hiyo ni ghafla? Kwangu ndiyo. Kwake ni ratiba.

Nimempa mume wangu asome naye. Yeye ni fundi wa majokofu, simu yake ya vitufe iliwahi kuanguka kutoka juu ya paa la mteja, ikawa inaita huko chini. Kasema bima ni kumlipa mtu akuombee mabaya yasikupate, na mama yake anaifanya kazi hiyo bure kila asubuhi. Kisha nikamweleza kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye simu hujilipia mwenyewe kabla ya wao kulipa. Nikaeleza tena. Mara ya pili ikatoka tofauti na ya kwanza. Kaniuliza, "Sasa hapo unanifundisha au unajifundisha?"

Kila siku nawaambia wateja kwamba dhamana ya lenzi haihusu mikwaruzo, haihusu joto, haihusu kukaliwa. Wananiitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yao yako kwingine. Leo nimejua yanakuwa wapi.


Alhamisi, 6 Juni

Mawingu asubuhi, mchana joto la kubana.

Nimempigia dada. Kwa nini sikuanza na yeye? Yeye ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa darasa la nne, yeye ndiyo kwanza ameajiriwa hospitali, na hadi leo yuko hospitali ileile, sasa ni mtunza stoo. Glavu, bandeji, sindano, vyote vinapita mkononi mwake na havipungui. Nikiwa mtoto niliokota penseli ya jirani, akanirudisha nayo usiku huohuo tukagonga mlango. Cha mtu mavi, ndiyo kauli yake. Na ni mtu wa bima haswa. Nyumba ina bima. Mazishi yake yana bima. Birika la umeme lina bima!

Kwa hiyo nilikaa na kalamu tayari nikijua nitapewa somo la saa nzima.

Kasema, "Bima ya nini? Nunua kava."

Nikasema dada, wewe ndiye unayesema hivyo?

Kasema kava gumu, la mpira, na kamba ya kuvaa shingoni. Nikamwambia nitaonekana kama refa wa mpira wa shule. Kasema, "Nani anakutazama wewe?" Kisha kuna mzigo umefika stoo, lazima ahesabu, akakata simu.

Sikuelewa. Nimemwambia mume wangu. Yeye anadhani dada ameishiwa na hataki nijue, kwa hiyo ananihurumia na mimi. Inawezekana. Lakini kava?


Ijumaa, 7 Juni

Mvua ya alfajiri, ikakatika kabla ya saa mbili.

Nimechagua! Nimechoka kusoma masharti, nimeamua kumfuata mtu. Nimekumbuka kwamba mwaka juzi dada alipotewa na simu sokoni, na kampuni yake ikampa nyingine mpya ndani ya wiki. Alisimulia mwezi mzima. "Walinilipa bila maneno." Ile kampuni haimo hata kwenye vipeperushi vyangu. Nimeitafuta mwenyewe. Dada anaweza kusema kava, lakini miguu yake ilishapita njia hiyo salama, mimi nakanyaga palepale.

Wakala wao ni mwanamke mwenye sauti ya asali. Ananiita mpenzi. Kifurushi chao ni kimoja tu! Kuanguka, maji, wizi wa aina zote, na kupotea. Nikauliza mara mbili, hata wizi wa kimyakimya? "Hata wa kimyakimya, mpenzi."

Sharti lao ni picha. Wanataka simu yenyewe, uso wake mzima, ikiwa imewashwa na inaonyesha ile namba yake ndefu ya kuzaliwa nayo, waone kioo hakijapasuka. Lakini simu itajipigaje picha? Jicho halijioni. Wakala kasema, tumia kioo, mpenzi.

Vioo! Kwa vioo duka letu halina mpinzani. Nimesimama mbele ya kile cha wateja, simu kifuani. Ya kwanza imetoka na kidole. Ya pili imetoka na Skrubu nyuma yangu, amevaa miwani ya mwanamke ya pembe za paka. Ya tatu nzuri, ila namba zote zimegeuka kinyume kama zinasomwa na mtu wa ng'ambo ya pili. Nikaogopa watakataa, nikaiandika na kwa mkono chini yake, tarakimu kwa tarakimu. Skrubu akanisomea, mimi nikahakikisha.

Nimepeleka. Wamejibu kwamba ombi limepokelewa na majibu ni katikati ya wiki.

Raha kama ya kumaliza mtihani.


Jumamosi, 8 Juni

Jua safi. Wateja wengi, wote wanataka fremu moja ileile. Sikuwaza bima hata kidogo. Kesho dada anakuja kula mchana. Nitamwambia.


Jumapili, 9 Juni

Jua, baadaye mawingu. Sina hakika.

Niandike kwa utaratibu, la sivyo sitaelewa kesho.

Tumekula vizuri. Dada kamletea binti yetu rangi za kuchorea. Mume wangu katoka kwenda kwa mteja, jokofu la dharura. Mimi na dada tukabaki jikoni, yeye anaosha, mimi nafuta. Nikamwambia: lile jambo la bima nimelimaliza, na nimekata kwa watu wako, wale waliokulipa bila maneno.

Hakugeuka. Maji yakawa yanaendelea kutoka bombani juu ya sahani iliyokwisha kutakata.

Akauliza, "Umewapa namba?"

Nikasema namba yangu si wanayo, ndiyo wanayonipigia.

"Si hiyo. Ya simu yenyewe. Ile ndefu."

Nikasema ndiyo, na picha, na nimewaandikia kwa mkono wasikosee.

Akafunga bomba. Akaketi juu ya ndoo ya unga. Dada yangu, ambaye hata kwenye kiti cha mgeni huwa anapangusa kwanza.

Nikadhani ni shinikizo la damu. Nikamletea maji. Akayashika, hakunywa. Akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni ile yangu iliyopotea."

Nikasema ya daktari?

"Hakuna daktari."

Haya ndiyo aliyosema, kwa kadiri ninavyokumbuka. Siku ile sokoni alitia mkono mkobani, simu hakuna. Aliumwaga mkoba mezani, akaukung'uta, hakuna. Akaripoti, akasaini, akapewa mpya. Miezi miwili baadaye kamba ya mkoba ikakatika, akaupeleka kwa fundi viatu. Fundi akapitisha mkono kwenye mfuko uliotoboka, akaingia ndani ya bitana, akatoa simu. "Mama, hii si yako?" Ilikuwa imelala mle siku zote, imezima, amezunguka nayo kwenda kazini na kurudi.

Nikasema sasa si ungeirudisha!

Akasema alitaka. Siku ya kwanza alikuwa zamu. Siku ya pili alifika hadi mlangoni kwao, akaona foleni, akawaza atasema nini, na nani atamwamini kwamba simu ilikuwa mkobani mwake miezi miwili na yeye hajui. "Mimi mwenyewe ningekuwa pale dirishani nisingeniamini." Akarudi nyumbani. Siku ya tatu ikawa ngumu kuliko ya pili. Wiki ikawa ngumu kuliko siku. Baadaye ikawa kila akifungua droo inamtazama. Na mimi wakati ule simu yangu ilikuwa imepasuka, namsomea meseji nusu nusu. Akaona, angalau isaidie mtu.

Mimi simu yake ile sikuwahi kuiona ikiwa uchi. Ilikaa ndani ya kava la ngozi la kufunika, mithili ya kitabu. Ningeijuaje?

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia juzi, akaniambia habari za kava.

"Ningekwambiaje kwenye simu hiyohiyo?"

Mume wangu alipoingia tukawa tunazungumzia bei ya rangi za kuchorea.


Jumatatu, 10 Juni

Sikutazama hali ya hewa.

Dukani nimeandika kipimo cha jicho la kulia kwenye la kushoto. Skrubu kaona kabla lenzi hazijakatwa. Kaniuliza nimelala? Nikasema nimelala.

Najaribu kulipanga. Siku dada anaomba fidia, alikuwa mkweli. Alidhani imepotea. Kwa hiyo uongo ulianza lini? Siku ya fundi viatu? Lakini siku ile hakusema neno kwa mtu. Je, mtu anaweza kudanganya kwa kunyamaza, kwa watu ambao hawajamuuliza? Au ulianza siku aliponipa na akamtunga daktari? Kama ni siku hiyo, basi aliyedanganywa ni mimi, bima hawamo.

Na simu ni ya nani? Si ya dada, kwa kuwa walishampa nyingine badala yake. Si yangu, kwa kuwa haikuwa ya aliyenipa. Basi ni ya bima wenyewe. Maana yake nimewapigia bima kuwaomba wakatie bima simu yao! Na nimewaandikia namba kwa mkono wasikosee!

Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha kukatia lenzi. Halafu nikaona si cheko.

Mume wangu nimemwambia jana hiyohiyo usiku, sina siri naye. Kasema tusiseme kitu, wasipouliza nasi hatukusema. Akavua kiatu kimoja. Kasema, lakini wakiuliza, tuseme. Akavua cha pili. Lakini si yote. Nikamuuliza sehemu gani ndiyo yote na ipi si yote. Kaenda kuzima taa ya nje.

Mchana nimemwambia Skrubu kwamba nina rafiki yangu mmoja, amepewa simu, kumbe ilishalipiwa fidia. Alikuwa ananyoosha fremu juu ya moto. Kasema, "Huyo rafiki yako naye anauza miwani?" Nikafuta lenzi iliyokuwa safi. Kasema mwambie hivi: simu iangukie chooni, kisha ombi afute. Simu isiyokuwepo haiulizwi maswali. Nikasema lakini anaihitaji kazini tarehe moja. Skrubu kasema hapo sasa rafiki yako ana matatizo mawili, na mimi nina bisibisi moja.


Jumanne, 11 Juni

Manyunyu.

Wakala amepiga saa nne. Sauti ileile, asali ileile. "Mpenzi, kuna swali dogo tu kuhusu simu yako." Je, niliinunua wapi?

Nilikuwa na mteja kitini, mzee mmoja, kidevu chake mkononi mwangu. Nikasema nitakupigia. Kasema hapana haja, nipite ofisini kwao Alhamisi saa nane mchana, nije nayo. Nikasema nimeghairi bima, nafuta ombi. Kasema sawa, ombi linafutika, lakini swali linabaki. Wao namba ikishawafikia lazima waiandikie maelezo: imeokotwa, imeuzwa, au vipi. Alisema "au vipi" kwa upole sana.

Yule mzee kauliza, "Daktari, ni jicho baya?" Nikamwambia mimi si daktari na macho yake ni mazuri.

Nimempigia dada kwa simu ya mume wangu. Sijui kwa nini ya mume wangu. Nimemweleza. Kasema haraka haraka, kama mtu anayesoma: "Sema uliinunua barabarani kwa mtu usiyemjua."

Dada!

Nikasema, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimenunua mali ya wizi. Kasema hawatakufanya kitu, wewe mtu wa duka la miwani, watakuonya tu, watachukua simu, basi, nami nitakununulia nyingine polepole. Nikasema, na wewe? Kasema mtunza stoo akishaandikwa kwamba alilipwa fidia ya kitu alichonacho, hashiki tena funguo. Hata kama wanamwamini. Hasa kama wanamwamini. Miaka ishirini na moja, kasema. Kisha kasema hapana, sahau, sikusema kitu. Akakata.

Alichosema ni kipi, na asichosema ni kipi?


Jumatano, 12 Juni

Mvua tangu alfajiri hadi jioni bila kupumua.

Dada amekuja. Ametoka kazini moja kwa moja, ana mfuko wa nguo. Kasema kesho ameomba ruhusa, tutakwenda wote, na kutoka huko ataingia zamu ya jioni, ndiyo maana kabeba sare. Mume wangu kamkaribisha, "Karibu shemeji," akajitolea kulala na binti yetu. Leo hakuna aliyetania mtu mezani. Hata mtoto kala mboga bila kubembelezwa.

Chumbani tumekaa kitandani kama zamani, yeye upande wa ukuta. Zamani alikuwa analala upande wa mlango, ili mwizi akija aanze na yeye. Leo kaenda ukutani mwenyewe.

Nikamuuliza, kesho unasema wewe au nasema mimi?

Kasema, "Wewe ndiye uliyeitwa."

Nikasema lakini simu ni yako. Kasema, "Ilikuwa." Nikasema dada, usinifanyie hivyo. Akaanza kufungua vishikizo vya mikono, taratibu, kimoja kimoja. Kasema amejaribu. Leo stoo, akihesabu glavu, kajisemea sentensi yote mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, hakuna mtu. Imetoka vizuri. Halafu muuguzi kaingia kuomba pamba, kamwita "mama mwaminifu" kama wanavyomwita wote, na sentensi ikampotea yote. Anajua kesho akifika dirishani itampotea tena. "Sitasema uongo. Sitasema chochote. Najijua."

Nikasema basi niseme ninavyotaka?

Kasema, "Nilikulea useme ukweli. Sikufikiria siku moja utausema juu yangu."

Nikasema nikisema ukweli utanichukia? Kasema, "We mtoto, maswali gani hayo." Nikasema na nikisema niliinunua barabarani, utanidharau? Hakusema maswali gani hayo. Kavuta shuka.

Nikaanza kukunja nguo za mtoto ili mikono iwe na kazi. Nageuka, dada anakoroma. Kwa kweli kabisa anakoroma! Mdomo wazi, mkono mmoja chini ya shavu. Uso wake umelegea, hauna kitu. Amenikabidhi, amelala.

Nimeenda bafuni. Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu majibu. Moja: nilipewa na dada yangu wa damu, alidhani imepotea, aliikuta kwenye bitana ya mkoba, akaona aibu. Jingine: niliinunua barabarani kwa mtu nisiyemjua, amevaa kofia. Ya kofia imekuja yenyewe, sijui imetoka wapi. Nimesema la kwanza, sauti ikakwama penye "aibu." Nimesema la pili, halikukwama popote. Nikalirudia. Laini kama asali ya wakala.

Nimeogopa zaidi kwa hilo kuliko kwa lolote la wiki hii.


Alhamisi, 13 Juni

Mvua imekatika. Anga jeupe, barabara zina madimbwi, upepo hakuna.

Dada yuko jikoni anapiga pasi sare. Ameshamvisha mtoto, ameshachemsha chai, ameshamwambia mume wangu shati lake lina doa. Amechangamka. Simu iko mezani, nimeifuta kwa kitambaa cha lenzi, mbele na nyuma, haina mkwaruzo hata mmoja.

Nimemwomba bosi ruhusa kuanzia saa saba. Kauliza kuna nini. Nikasema mambo ya simu. Kasema ndivyo inavyotakiwa, wengine bado wanazubaa, wewe umeshughulikia mapema.

Sijajua nitakachosema. Niandike hapa kwamba sijajua, ili baadaye nisije nikajidai nilijua.

Dada ananiita, chai inapoa. Kauliza kutoka jikoni, umelala vizuri? Nimejibu vizuri. Yeye usingizi ulimchukua saa tatu u nusu. Mimi, saa tisa kasoro robo.